Kiungo cha Kukatika Kwanza: Mwongozo wa Mfumo wa Nguvu wa Gari Kuukuu la Rali katika Pwani ya Kismayo

Mfumo wa nguvu wa gari ni mfululizo wa viungo vinavyoipokea nguvu ya injini na kuifikisha magurudumuni: klachi, giaboksi, propela shafti pamoja na krosi zake, difu, na hafu shafti mbili zinazoishia kwenye magurudumu ya nyuma. Katika gari linaloendeshwa kwa upole juu ya lami viungo hivi hudumu miaka mingi bila kukumbukwa na mtu, lakini katika gari kuukuu linalokimbizwa juu ya mchanga, matumbawe na makorongo, ndivyo vinavyoamua kama dereva atafika mwisho wa njia au atarudi akivutwa kwa kamba. Mwongozo huu umekusudiwa dereva wa ridhaa, yaani yule asiyelipwa kwa mchezo wake wala kuwa na timu ya kiwanda nyuma yake, na shabaha yake ni kuonyesha kwamba kazi ya kwanza si kuongeza nguvu, bali ni kuamua mapema kiungo kipi kikatike endapo hapana budi kitu kikatike, kisha kuujenga mfumo mzima kwa kuufuata uamuzi huo.

Ardhi, chumvi na mafunzo ya Safari

Ukanda wa pwani unaotoka Kismayo, nchini Somalia, kuelekea kusini hadi Ras Kamboni, mkabala wa Koyama, Chovai, Chula na visiwa vingine vya Wabajuni, una mchanga wa matuta, mwamba wa matumbawe wenye ncha kali, na, kwa upande wa bara karibu na bonde la mto Juba, udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito wakati wa masika, ambayo Wasomali huiita Gu. Kila ardhi ina kiungo inachokila: mchanga huunguza klachi, matumbawe hupiga giaboksi na difu kutoka chini, na tope hukaba magurudumu hadi hafu shafti zikasokotwa. Juu ya hayo ipo chumvi inayoletwa na upepo wa bahari mwaka mzima, ambayo hula sili na beringi hata za gari lililoegeshwa.

Mashindano makubwa yaliyo karibu na ukanda huu ni Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 kwa njia iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na historia yake yafaa kusomwa kama kitabu cha ufundi. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na mwaka 1968 yakaanza 93, na katika kila moja ya miaka hiyo miwili ni magari 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari ambalo umbo lake lilikuwa limekwisha kupitwa na wakati, na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania, walishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, gari la familia lililosifika kwa uimara kuliko kwa kasi. Tangu mwaka 2003 magari ya zama hizo yana mashindano yake, East African Safari Classic, na hapo pia anayetaka kushinda sharti kwanza mfumo wake wa nguvu usikatike.

Kuchagua gari na kulikagua

Gari linalofaa kwa mwanzo ni lile linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, lenye viungo vinavyofikiwa kwa spana za kawaida, na ambalo vipuri vyake hupatikana kwa njia za biashara zilizopo, hasa zile zinazotoka Dubai na Mombasa. Toyota Corolla ya KE70, ambayo Kenya ilijulikana kwa jina la DX, na Toyota Mark II za zamani zinafaa kwa sababu hizo, ilhali Peugeot 504, ambayo iliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya kuachwa Ufaransa, ni imara sana lakini propela shafti yake imefunikwa ndani ya bomba, kwa hiyo kuifikia ni kazi ndefu zaidi.

Ukaguzi uanze kwa oili, kwa kuwa oili huhifadhi kumbukumbu ya yale yote yaliyoupata mfumo. Kabla ya kumwaga oili ya giaboksi au ya difu, ilegezwe kwanza nati ya kujazia, ndipo ifuate ile ya kumwagia, maana fundi anayemwaga oili kisha akagundua kwamba nati ya kujazia imeganda kwa kutu huwa amelisimamisha gari kwa mikono yake mwenyewe. Oili ipokewe ndani ya beseni safi na itazamwe juani. Uji laini wa kijivu unaoshikamana na sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazometa rangi ya dhahabu zinatoka kwenye ringi za shaba za giaboksi, zile zinazosawazisha kasi ya gia mbili kabla hazijashikana. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi iliyovunjika. Na oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji.

Hesabu ya kiungo dhaifu

Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa newton-mita, kwa kifupi Nm, na jambo ambalo madereva wengi hawalifikirii ni kwamba nguvu hiyo huongezeka kila inapovuka seti ya gia. Tuseme injini inatoa Nm 130, gia ya kwanza ina uwiano wa 3.5 na difu ina uwiano wa 4.1. Klachi itabeba Nm 130 zilezile, propela shafti itabeba 130 mara 3.5, ambazo ni Nm 455, na hafu shafti mbili zitagawana Nm 1,866, yaani takriban Nm 933 kwa kila moja. Hii ni hesabu ya mwendo laini, ambapo mguu hupanda na kushuka taratibu. Pale gari linaporuka tuta na kutua huku magurudumu yakizunguka kwa kasi, ardhi huyasimamisha ghafla na uzito wa injini inayozunguka hupiga mfumo kama nyundo, na nguvu inayopita hapo haina uhusiano tena na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kinachoipunguza nyundo hiyo ni klachi. Klachi ya kawaida inayoweza kushika hadi Nm 200 huteleza kidogo pigo linapozidi kiwango hicho, na kwa kuteleza huzuia propela shafti isipate zaidi ya Nm 700 katika gia ya kwanza. Dereva akiibadilisha kwa klachi ya mashindano inayoshika Nm 300, propela shafti hufikiwa na Nm 1,050 na hafu shafti kwa pamoja na zaidi ya Nm 4,300, ingawa injini ni ileile na gari halikuongeza kasi hata chembe. Kwa maneno mengine, udhaifu haukuondoka. Umehamishwa kutoka kwenye kiungo cha bei nafuu na kupelekwa kwenye kiungo cha bei ghali.

Wajenzi wa vyombo katika pwani hii waliijua kanuni hiyo zamani. Mtepe, jahazi ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, ulipogonga fungu ulilegea kwenye mshono na ubao ukasalimika, na kamba iliweza kushonwa upya popote palipo na mnazi. Katika gari la rali, kamba hiyo ni klachi kwanza na krosi ya propela shafti pili, kwa kuwa krosi ni ya bei ndogo, huchukulika mfukoni, na hubadilishwa njiani kwa kulala chini ya gari. Hafu shafti haifai kuchaguliwa kuwa kiungo dhaifu, kwa sababu katika ekseli za magari mengi madogo ndiyo inayolishikilia gurudumu, na ikikatika upande wa nje wa beringi, gurudumu huondoka nayo.

Klachi

Klachi ina sehemu tatu: flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini; sahani yenye bitana za msuguano; na presha pleti inayoibana sahani hiyo dhidi ya flaiwili. Kwa mchanga wa pwani inafaa sahani yenye bitana za kawaida na springi katikati, pamoja na presha pleti yenye nguvu zaidi ya ile ya kiwandani kwa takriban asilimia 20, na kuachwa zile za vidonge vya metali, ambazo hushika kwa kishindo na kulirudisha tatizo lililoelezwa juu. Flaiwili ya chuma cha kalibu isichongwe ili kuipunguza uzito, kwa kuwa chuma cha aina hiyo kikipungua unene huweza kupasuka kwenye mizunguko ya juu na vipande vyake vikapenya sakafu ya gari. Isawazishwe tu uso wake na fundi wa mashine, hadi madoa ya bluu ya joto yatoweke.

Klachi nyingi huungua si kwa kasi bali kwa kukwama. Gari linapozama mchangani, dawa ya kwanza ni kupunguza upepo wa matairi hadi karibu na baa 1.2, kufukua mchanga mbele ya magurudumu, na kuondoka kwa gia ya kwanza huku pedali ikiachiwa moja kwa moja, na si kubembeleza klachi nusu juu nusu chini hadi harufu ya bitana ipande. Upepo urudishwe kabla ya kufika kwenye matumbawe, kwa sababu tairi laini hukatika ubavuni na rimu hupinda.

Giaboksi

Kabla ya giaboksi kufunguliwa, dereva anapaswa kulijaribu gari katika kila gia na kuandika inachofanya: gia inayolia wakati wa kuingizwa ina ringi ya shaba iliyochakaa, gia inayoruka yenyewe ina meno ya kushikia yaliyoviringika au uma wa kuhamishia uliopinda, na mvumo unaosikika katika gia zote isipokuwa ile ya moja kwa moja hutoka kwenye beringi za shafti ya chini. Ringi ya shaba hupimwa kwa kuibana juu ya koni ya gia yake na kupitisha filagaji, yaani vipande vyembamba vya kupimia mwanya, katikati ya ringi na gia. Katika magiaboksi mengi ya Kijapani mwanya ukishuka chini ya milimita 0.8 ringi hiyo imekwisha, ingawa hakimu wa mwisho ni kitabu cha gari lenyewe.

Oili nayo si ya kubahatisha. Difu, ambayo meno yake husuguana kwa kuteleza, huhitaji oili ya daraja la GL-5, lakini baadhi ya viambato vya GL-5 huishambulia shaba, kwa hiyo giaboksi yenye ringi za shaba ijazwe GL-4 isipokuwa kama mtengenezaji ameelekeza vingine. Kwa joto la Kismayo unene wa 80W-90 hufaa kwa giaboksi, na difu inayofanyishwa kazi nzito yaweza kupewa 85W-140. Mauntini za mpira zinazoibeba giaboksi zibadilishwe zote kwa pamoja, kwani mpira uliochoka huiacha giaboksi ikicheza na kuzipindisha krosi.

Propela shafti na krosi

Propela shafti ni bomba la chuma linalopeleka mzunguko nyuma, na krosi ni kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu kupinda huku ikizunguka. Kabla ya kuifungua, zipigwe alama za rangi kwenye flanji zake na kwenye maungio yote, ili irudi vilevile ilivyotoka. Uma za ncha mbili zisipolingana, shafti huharakisha na kuchelewa ndani ya kila mzunguko, na mtetemo huo hula beringi za giaboksi na za difu kwa pamoja.

Kosa linalojirudia katika magari ya rali ya ridhaa ni kulinyanyua gari kwa springi ndefu bila kupima pembe. Shafti ya giaboksi na shafti ya pinioni, yaani gia ndogo inayoingia difuni, zapaswa kuelekea sambamba, na tofauti ya pembe za krosi ya mbele na ya nyuma isizidi digrii 1. Ikizidi, ekseli yenye springi za majani huwekewa kabari za chuma chini ya springi hadi pembe zirudiane. Kwa kuwa krosi imechaguliwa kuwa kiungo cha kukatika, ni lazima vifungwe vitanzi viwili vya chuma kuizunguka propela shafti, kimoja mbele na kimoja nyuma, kwa sababu shafti iliyokatika mbele hushuka, huchoma ardhi na kulinyanyua gari kama mtu anayeruka kwa upondo.

Difu

Difu huyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na hapohapo hupunguza kasi na kuongeza nguvu kwa uwiano wa meno ya krauni, yaani gia kubwa ya difu, kwa meno ya pinioni: krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 hutoa uwiano wa 4.1, na pinioni ya meno 9 hutoa 4.556. Asiyejua uwiano wa difu yake anaweza kuupata bila kuifungua, kwa kunyanyua gurudumu moja la nyuma, kuliacha la pili likiwa limetulia chini, kulizungusha lile lililo juu mara mbili kamili, na kuhesabu mizunguko ya propela shafti. Ikizunguka mara 4 na sehemu ndogo ya mzunguko, uwiano ni karibu na 4.1. Dereva anayefunga matairi ya kipenyo cha sentimita 66 badala ya 60 hupoteza sehemu moja katika kumi na moja ya uwiano wake, na difu ya 4.556 ndiyo inayomrudisha takriban pale alipokuwa.

Kufunga krauni na pinioni mpya ni kazi ya subira. Mwanya kati ya meno hupimwa kwa saa ya kupimia, na kwa magari mengi madogo huwa kati ya milimita 0.10 na 0.20, kisha meno machache hupakwa rangi nzito, krauni huzungushwa huku ikizuiwa kidogo kwa ubao, na alama inayobaki hutazamwa. Alama ya duaradufu iliyokaa katikati ya jino ni kazi njema, na ile iliyokimbilia ukingoni yaonyesha kwamba pinioni imeingia mno au haijaingia vya kutosha. Bushi ya kukunjika, ambayo huzishindilia beringi za pinioni kwa kufinyika mara moja tu, haitumiki mara ya pili.

Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja mchangani, kwamba gurudumu moja likipoteza mshiko, la pili nalo halipati nguvu zaidi ya ile ndogo inayotumika na mwenzake. Mafundi wengi hulitibu hilo kwa kuzichomelea gia za ndani ili magurudumu yazunguke pamoja daima, na njia hiyo ni rahisi, lakini kila kona kwenye ardhi ngumu huzisokota hafu shafti na gari hukataa kukata kona. Difu yenye sahani za msuguano, ambazo hubanana kadiri nguvu inavyoongezeka na kulipa gurudumu lenye mshiko fungu kubwa zaidi, ndiyo inayofaa, mradi ijazwe oili iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Hafu shafti na maji ya bahari

Hafu shafti huzeeka kwa nyufa zisizoonekana. Jaribio la zamani, lisilohitaji mashine, ni kuisafisha shafti hadi iwe kavu kabisa, kuilaza ndani ya mafuta ya taa kwa saa kadhaa, kuipangusa vizuri, kisha kuinyunyizia unga wa chaki. Baada ya muda mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Shafti yenye mstari huo hutupwa, na vivyo hivyo ile ambayo meno yake ya mwisho yamepinda kama msuko. Ringi ya chuma inayoibana beringi ya gurudumu huingizwa kwa presi na haitumiki tena ikishatolewa.

Difu iliyopata moto ikitumbukia katika maji ya baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuyavuta maji kupitia tundu la kupumulia. Kwa hiyo mpira wa tundu hilo urefushwe hadi ndani ya chumba cha injini, na anayelazimika kupita ufukweni asubiri maji kupwa, hasa siku za bamvua ambapo mchanga mgumu huwa wazi kwa upana, bila kusahau kwamba bamvua hilohilo hujaa juu kuliko siku nyingine. Baada ya safari hiyo sehemu ya chini ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na krosi zenye chuchu zishindiliwe grisi hadi ile chafu itoke pembe zote nne.

Majaribio na daftari

Mfumo uliojengwa upya hauingii mashindanoni moja kwa moja. Difu mpya iendeshwe polepole kwa dakika 15 na kuachwa ipoe, mara tatu au nne, ndipo meno yazoeane. Baada ya kilomita 50 bolti zote za propela shafti zikazwe upya, na baada ya kilomita 500 oili ya difu imwagwe hata ikiwa inaonekana safi. Majaribio hayo yafanywe katika uwanja uliofungwa na unaojulikana, kwa sababu barabara ya watu si mahali pa kasi, na kwa sababu katika Somalia ardhi isiyopitwa na watu huenda bado ikawa na mabomu yaliyosalia tangu wakati wa vita.

Kwenye buti viwekwe krosi mbili, hafu shafti moja ya kila upande, kwani mara nyingi hazina urefu mmoja, sili, bolti na lita 4 za oili. Pamoja navyo liwekwe daftari lenye tarehe, kilomita na jina la kila kiungo kilichoharibika, kwa sababu bila maandishi fundi hukumbuka kishindo tu na kusahau chanzo chake. Gari likirudi likiwa na krosi iliyovunjika, propela shafti imelala ndani ya kitanzi chake, na giaboksi na difu vizima, dereva ataandika hasara ya kazi ya saa moja; na akiona kwamba kiungo kilichokatika si kile alichokichagua, asikibadilishe na kuondoka, bali arudie hesabu kuanzia klachi.